Kofia ya Tahir na Yule Mfaransa

Yule Mfaransa aliingia nyumbani kwangu siku tatu baada ya Idi Kubwa, na hadi leo sijaweza kumtoa. Amekufa karibu miaka mia sasa, wala hakuwahi kukanyaga Unguja, lakini habari zake nimezisikia kuliko ninavyosikia za ndugu zangu wa Jambiani. Aliyemleta ni mjukuu wangu Sumaiya. Alikuja kukaa nami hapa Kiponda miezi sita asome uchoraji. Akateremsha begi moja la nguo na mawili ya vitabu, na kabla hajavua viatu vizuri akaniuliza, "Bibi, unamjua Monet?"

Nikamwambia simjui, na kwamba chai ipo kwenye chupa.

Hilo lilikuwa kosa langu. Ningesema namjua, pengine angenyamaza.

Basi nikasimuliwa. Nikikuna nazi nasimuliwa, nikienda kutia udhu nasimuliwa nyuma ya mlango. Kwamba alizaliwa Paris, akakulia mji wa bandari. Kwamba skuli hakuipenda, akiwachora walimu wake pembeni mwa daftari na mapua makubwa. Kwamba mamake alifariki yeye akiwa na miaka kumi na sita, akashikwa mkono na shangazi yake, na alipopelekwa jeshini Aljeria akaugua, shangazi huyo huyo ndiye aliyelipa akatolewa, kwa sharti asome uchoraji sawasawa. Hapo nilisikiliza. Nikamwuliza Sumaiya, huyo shangazi akiitwa nani? Hakulijua jina bila kufungua kitabu. Ndivyo ilivyo. Mtu anapewa rangi, anapewa nauli, anaombewa dua, kisha picha inatundikwa na aliyempa hatajwi.

Ningevumilia hadithi peke yake. Lakini Mfaransa yule, alipokuwa mtu mzima, alikuwa na mtindo wa kuchora kitu kimoja mara nyingi. Rundo la majani makavu shambani, hilo hilo, asubuhi, mchana, jioni, na likipigwa na baridi. Alisema hachori rundo, anachora mwanga ulioliangukia. Sumaiya akaona hapa mjini hatuna marundo ya majani. Akachukua shuka langu jeupe la kitanda, akalitundika juu ya paa.

Siku kumi na moja shuka lile lilikaa juu. Halikuwa limefuliwa, halikuwa linakaushwa. Siku ya tano jirani yangu Bi Mayasa akaja mbio, kajifunga leso kiunoni.

"Bi Mwatima, kuna msiba na hamkuniambia?"

"Hakuna msiba. Sumaiya anachora."

"Anachora shuka?"

"Anachora mwanga."

Bi Mayasa akakaa kitako. "Na shuka litashuka lini?"

"Mwanga ukisha," nikamjibu. Akacheka mpaka akashika ubavu. Mimi nilikuwa nalala juu ya godoro tupu, sikuona cha kuchekesha.

Sumaiya akinivuta juu kila siku nikatazame. "Bibi, tazama kivuli pale kwenye mkunjo. Kivuli si cheusi."

"Kivuli ni cheusi tangu Mwenyezi Mungu aumbe jua."

"Tazama vizuri basi. Ni buluu. Na pale kina zambarau."

Nikitazama. Kulikuwa na kitu cheupe, kikubwa, kama moshi wa jiko la kuni. "Haya," nikimwambia, "ni buluu," ili niachiwe nishuke kwenye kazi yangu.

Hapa niseme jambo nililokuwa nimelificha. Macho yangu yalikuwa yameanza ukungu mwaka mmoja na nusu nyuma. Sikumwambia mtu. Bi Mayasa alijua bila kuambiwa. Alianza kuja asubuhi kuchambua mchele wangu, akisema kwake hana la kufanya. Tukishuka ngazi hutangulia, akivuta uradi wake kwa sauti, Subhanallah moja kila kipandio, ili nijue mguu niuweke wapi. Viatu vyangu nikivikuta mlangoni vimeelekezwa nje najua ni yeye. Mara moja tu alisema, "Watu wanatolewa mtoto wa jicho siku hizi na jioni wako nyumbani." Nikamwambia jicho si tundu la kofia hata mtu aje na sindano yake. Hakurudia. Lakini huyu mjukuu wangu, anayetazama mwanga tangu alfajiri hadi magharibi, macho ya bibi yake yaliyo mbele yake hakuyaona.

Kazi niliyokuwa nikiikimbilia ilikuwa kofia ya Tahir. Tahir ni kaka yake Sumaiya, anaongoza wageni kule Jozani, na nikahi yake ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa Mfunguo Sita, baada ya Alasiri. Nimeshona kofia za viua tangu nina miaka kumi na minne. Unatoboa kitambaa kwa shazia, tobo moja moja, kisha unazungushia uzi kila tobo mpaka liwe imara kama jicho la kuku, na matobo hayo ndiyo yanayofanya maua. Kofia nzuri hula miezi minane. Babu yao Tahir alioa na kofia yangu. Baba yao alioa na kofia yangu. Ya Tahir nilijua itakuwa ya mwisho, ndiyo maana nilitaka niimalize kwa mkono wangu na aivae siku ile. Sikutaka kingine. Tahir alikuwa ameshaniambia, "Bibi, usijichoshe, Darajani zipo za mashine." Nikamwambia akiivaa ya mashine asije kunibusu mkono.

Sehemu ya juu ilikuwa tayari kabla Sumaiya hajaja. Ulibaki ukanda wa pembeni, nao sikumwonesha mtu kabla haujaisha. Nilishona dirishani, kwa vidole zaidi kuliko kwa macho, na vidole vyangu havikuwahi kunidanganya.

Huku nyuma mambo ya Mfaransa yakaendelea. Siku moja Sumaiya akarudi analia na kucheka pamoja. Alikuwa amepeleka picha tatu za shuka kwa Borafya, mwenye duka la picha karibu na Hurumzi.

"Kanambia hazijakwisha, Bibi! Kasema, binti, mgeni anataka tembo, na ajue ni tembo. Hizi kama umezimwagia maji."

"Pole, mwanangu."

"Pole ya nini? Hivyo hivyo ndivyo walivyomfanyia yeye!" Akakaa chini, akanielezea kuwa kule Paris kulikuwa na wakubwa waliokuwa wakichagua picha za kutundikwa kwenye maonyesho makubwa, na kila wakipelekewa mwanga wakitaka vita na wafalme. Basi yeye na wenziwe, kama thelathini, wakatafuta ukumbi wao wakatundika wenyewe. Mwandishi mmoja wa gazeti akaja, akaona picha ya bandari asubuhi, ukungu na jua jekundu, akawacheka, akasema hawa si wachoraji, ni watu wa kuonaona tu, na karatasi ya kubandika ukutani imekamilika zaidi ya picha hii. "Na jina lile la kejeli, Bibi, wakalichukua likawa lao!"

"Mtu akikutukana," nikamwambia, "si lazima ulivae tusi."

"Lakini leo wao ndio wanaojulikana, na yule mwandishi hakumbukwi."

"Na Borafya je? Kesho utampelekea nini?"

"Tembo," akasema. Nikamhurumia. Nikamchemshia maziwa ya tangawizi, na kwa ajili hiyo nikasikiliza nusu saa nyingine.

Lakini jioni ile ile akaniudhi. Alinisimulia habari za mke wa kwanza wa Mfaransa, aliyekufa na miaka thelathini na miwili, baada ya maradhi na dhiki ya miaka. Maiti iko kitandani, alfajiri, na mume amechukua brashi anachora uso wake, anatazama jinsi rangi zinavyogeuka, buluu, manjano, kijivu.

"Badala ya kumsomea?" nikauliza.

"Hawasomi kama sisi, Bibi. Na yeye mwenyewe alijichukia. Alisema alijikuta tu anatazama rangi, kama punda aliyefungwa kwenye kinu, hawezi kuacha."

"Mwambie asije tena kwangu," nikasema. Siku tatu nikakataa kusikia habari zake. Zilikuwa siku nzuri.

Zilibaki siku tisa kabla ya nikahi nilipofunga fundo la mwisho la ukanda. Nilisema Alhamdulillah kwa sauti. Sumaiya alikuwa anashuka kutoka juu, mikono imejaa rangi.

"Imekwisha? Hebu, Bibi, niione nje kwenye jua."

"Nawa mikono."

Akanawa, akaichukua, akapanda nayo. Halafu nikasikia ukelele.

"Bibi! Bibi we! Nani kakufundisha hivi?"

Nikapanda, nikishika ukuta. Bi Mayasa alikuwa paani kwake, akaruka kile kiambaza kidogo baina yetu akaja. Sumaiya alikuwa anaruka kwa miguu miwili kama kachomwa.

"Umechanganya! Nyeupe, maziwa, samawati, waridi, kijani cha maji, kiua hiki rangi hii, kiua kile rangi ile! Ukisogea mbali zinaungana, kofia inawaka! Bibi, ndicho alichofanya Monet, ndicho hicho hicho! Hakuchanganya rangi kwenye ubao, aliziweka kandokando jicho lichanganye lenyewe!"

Sikuelewa mara moja. Nikamwambia Bi Mayasa, "Anasema nini huyu? Mimi nimeshona kwa uzi mweupe."

Bi Mayasa akaichukua kofia kutoka mikononi mwa Sumaiya, akaifuta vumbi ambalo halikuwapo. "Sehemu ya juu nyeupe tupu, dada yangu," akasema polepole. "Ukanda una rangi tano."

Nikakaa juu ya ndoo. Miezi minane. Na huyu mtoto anaruka. Ndipo nikamwelewa yule mke wa Mfaransa, amelala pale, mumewe anamhesabia rangi.

"Haiwezekani," nikasema. "Uzi mweupe nauweka upande wa kulia wa kopo la biskuti. Miaka hamsini upo kulia."

Sumaiya akaacha kuruka.

"Kopo lile la kwenye kabati?" akauliza.

"Lile."

"Nililipanga, Bibi. Mwezi ule nilipokuja. Nyuzi zilikuwa shaghalabaghala, nikaziweka kwa familia za rangi. Nyekundu na nyekundu, buluu na buluu. Zilizopauka zote nikaziweka kulia."

"Na hukuniambia?"

"Nilidhani utaziona!" Akasema hivyo, halafu akanitazama usoni. Kwa mara ya kwanza tangu aje alinitazama mimi. Akapiga magoti mbele ya ile ndoo. "Bibi. Huoni?"

"Naona vya kutosha."

"Vidole hivi vingapi?"

"Toa mkono wako usoni pangu."

Akalia, na mimi nilikuwa nimechoka hata kumbembeleza. Bi Mayasa ndiye aliyembembeleza, kisha akanishika kiwiko tukashuka, Subhanallah, Subhanallah, mpaka chini.

Nilitaka kufumua. Bi Mayasa akanizuia mkono. Alisema ukweli ninaoujua: ukifumua kiua, tobo linabaki wazi, kitambaa kinararuka, na siku tisa hazitoshi hata robo ya ukanda mwingine. Nikaitia kofia kwenye mfuko wa nailoni, nikaufunga fundo, nikampigia simu Tahir. Nikamwambia aende Darajani akanunue ya mashine.

Akaja kesho yake kutoka Jozani, hata nguo za kazi hakuvua.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Umenunua?"

"Sijanunua. Nipe yangu niione."

Sumaiya alikuwa ameshamwambia kila kitu. Akaifungua, akaikalisha kichwani, akaenda kwenye kioo. Akaivuta mbele, akairudisha nyuma.

"Nzuri," akasema. "Nitaivaa."

"Unasema hivyo kwa kunihurumia."

"Sikuhurumii, Bibi."

"Nimekulea tangu meno yako ya kwanza. Najua sauti yako ukisema uongo wa kheri. Wenzio watakucheka."

"Wacha wacheke."

"Unaona? Umesema watacheka!"

"Bibi, umesema wewe!"

"Kaka, mwambie inavyowaka ukiwa mbali," Sumaiya akadakia. "Mwambie kuhusu—"

"Ukimtaja Mfaransa," nikamwambia, "nitamtupia huyu kaka yako chupa ya chai, na kosa litakuwa lako."

Mmoja ananionea huruma, mwengine anaona maajabu, na mimi niliyeishona siwezi kuiona nikaamua mwenyewe. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Kazi yangu mwenyewe naambiwa ilivyo, kama habari za nchi ya mbali. Nikataka mtu mmoja tu asiyenipenda aniambie kweli.

Watu wa namna hiyo hawako mbali. Chini ya dirisha langu kuna baraza, na kila Alasiri hukaa pale Mzee Ubwa, aliyeuza kofia Darajani miaka arubaini na hajasifu hata moja, pamoja na Shaame, karani wa zamani wa bandari, ambaye kazi yake ni kumpinga Mzee Ubwa. Nikamwambia Tahir ateremke na kofia, aseme kuna mtu anaiuza, asinitaje. Mimi na Bi Mayasa tukakaa nyuma ya dirisha, na Sumaiya nikamkalisha chini nikamshika ukosi wa gauni.

Tukamsikia Tahir anatoa salamu, kahawa inamiminwa.

"Nyeupe, nzuri," akasema Shaame.

"Nyeupe wapi?" Hiyo sauti ya Mzee Ubwa. "Ya samawati hii. Macho yako yalistaafu pamoja na wewe."

"Samawati! Ubwa, ina uwaridi hapa mbele ya pua yako."

"Basi ya kwako ya waridi, ivae ukaolewe."

"Hebu, kijana, isogeze kule. Kule, karibu na mlango. Eh. Irudishe. Ajabu hii, karibu ina madoa, mbali inameta kama samaki."

"Kofia haitakiwi kumeta kama samaki. Nipe mimi."

Nilisikia kikombe kinawekwa chini. Ukosi wa Sumaiya niliukaza mpaka akakohoa.

"Mshonaji huyu haoni," akasema Mzee Ubwa.

Bi Mayasa akanishika goti. Nilijua. Nilitaka kweli, nikaipata.

"Haoni kabisa," akaendelea. "Kachanganya nyuzi kama mtu anayeshona gizani. Kofia ya kichaa." Halafu nikasikia anaigeuza, vidole vyake vinakwaruza kitambaa ndani. "Lakini njoo huku nyuma, Shaame. Nioneshe fundo."

"Silioni."

"Hulioni kwa sababu halipo. Kalificha ndani ya tobo. Kila kiua. Wanaoficha fundo hivi wamebaki wawili mji mzima, na mmoja mkono unamtetemeka." Akapandisha sauti mpaka njiwa wakaruka kwenye ukuta. "Bi Mwatima! Najua upo hapo juu!"

Nifanye nini? "Naam," nikaitika.

"Masalkheri."

"Masalkheri, Mzee Ubwa."

"Kofia umemshonea nani?"

"Mjukuu wangu huyo uliye naye. Ya nikahi."

"Kwa nini anaiuza basi?"

"Haiuzi. Nilitaka kuambiwa kweli."

"Kweli ni kwamba umekosea uzi. Na kweli ni kwamba ningekuwa nayo mimi ningeiweka kwenye kabati la kioo nisiiuze, hata huyu Shaame angelia. Na kweli ya tatu, nenda ukatazamwe macho, mama, usitutie aibu. Kijana, hebu nimvike huyu mpinzani wangu nimtazame nayo kichwani."

"La, Mzee," nikamsikia Tahir. "Nipe. Yangu hiyo."

Alisema haraka, kidogo kwa ukali, kama mtoto aliyenyang'anywa andazi. Nikamsikia Shaame anaguna, na miguu ya Tahir inapanda ngazi mbili mbili. Alipoingia alikuwa ameivaa. Hakusema nzuri wala mbaya, aliuliza tu kama kuna wanga wa kuifanya isimame. Nikaachia ukosi wa Sumaiya. Kofia ya Tahir niliitia wanga mwenyewe, nikaianika juu ya bakuli ishike umbo, na usiku ule nililala.

Ijumaa ikafika. Nyumba ilijaa wanawake, udi na vicheko, na watoto waliokanyaga kila kitu. Sumaiya alijituma siku nzima, alipika, alikosha, na alikuwa amelifua shuka langu, kalipiga pasi, kalitandika bila kuambiwa. Baada ya Alasiri wanaume wakakusanyika chini waongozane hadi msikitini. Sisi tukajazana madirishani. Bi Mayasa aliniwekea mto kwenye kizingiti nisiumie viwiko.

Wakaanza kutoka. Kanzu na kofia, kanzu na kofia, njia nzima nyeupe kama maji ya mchele.

"Yuko wapi Tahir?" nikauliza.

"Yule pale!" wakasema wote pamoja, kabla sijafunga mdomo.

"Wapi?"

"Yule, Bibi, kapita mlango wa kinyozi sasa!"

"Mashallah, hebu ioneni kofia inavyotoa rangi," akasema mama mmoja wa upande wa bibi harusi, ambaye simjui na hana sababu ya kunipendelea. "Katika wote hawa unamwona yeye tu. Kaishona nani?"

"Huyu hapa," akasema Bi Mayasa, akanigusa bega.

Wakanipongeza, wakanibusu kichwa. Na mimi nilikuwa nimenyoosha shingo nje ya dirisha mpaka inauma, natazama wingu jeupe likipita chini yangu, halina mtu. Mzee Ubwa kaiona. Shaame kaiona. Wageni wameiona, kinyozi kaiona, na paka wa kinyozi bila shaka. Miezi minane nimechoma vidole, kofia ya mwisho ya maisha yangu inatembea njiani juu ya kichwa cha mjukuu wangu, na mji mzima unaiona isipokuwa aliyeishona.

Nilikasirika sana. Niliwahi kuogopa sindano ya jicho, lakini hasira ile ilikuwa kubwa kuliko sindano yoyote.

"Sumaiya!" nikaita.

"Naam, Bibi."

"Hao madaktari wa macho wanaanza saa ngapi Jumatatu?"

Akataka kunikumbatia. Nikamwambia ajibu swali.

"Saa mbili, Bibi. Nshauliza. Nlishauliza siku ile ile ya ndoo."

Jumatatu tukatoka, mimi na yeye, baada ya chai. Bi Mayasa alikuja hadi mlangoni akanitia mkobani tasbihi yake na maandazi mawili, moja langu na moja la mtu yeyote nitakayekaa naye kwenye foleni. Nilikuwa nimempa Sumaiya sharti moja tu: njiani asimtaje mtu aliyekufa Ufaransa. Akakubali, na maskini, akashika ahadi. Alinishika mkono, akanitajia mashimo, akanitajia pikipiki, basi. Tukakaa kwenye foleni nyuma ya mzee mmoja kutoka Mkokotoni. Saa nzima mtoto kimya, mdomo kaubana kama anaumwa na jino. Sikujua kama kimya chake kitanichosha kuliko maneno yake.

"Haya," nikamwambia mwisho. "Sema."

"Niseme nini, Bibi?"

"Huyo wako. Yeye macho yake yalikuwaje?"

Akanigeukia taratibu, kama mtu asiyeamini. "Unajua kuhusu macho yake?"

"Sijui chochote. Lakini tangu siku ile ya ndoo kila nikisema ukungu unajiuma midomo. Si mjinga mimi."

"Alikuwa na mtoto wa jicho, Bibi. Yote mawili. Alikuwa anasoma majina kwenye vichupa vya rangi ili ajue anachota nini. Miaka kumi akakataa daktari, aliogopa. Rafiki yake alimsihi mpaka akakubali, ana miaka themanini na miwili."

"Mzee mkaidi. Na huyo rafiki akiitwa nani?"

Safari hii alilijua jina, akanitajia. Nikalirudia ili nilishike.

"Alipofunguliwa jicho alifurahi?"

"Aligombana na daktari. Alisema kila kitu kimekuwa buluu, wamemharibia. Aliandika barua za matusi. Baadaye alipewa miwani, akarudi kwenye kazi."

Yule mzee wa Mkokotoni alikuwa amegeuka anasikiliza. Nikampa andazi lake.

"Bi Mwatima Simai," muuguzi akaita.

"Naam," nikaitika, nikasimama. Sumaiya akataka kunibebea mkoba, nikamwachia. "Twende," nikamwambia. "Na daktari akiniharibia, tutagombana naye hapa hapa. Mimi barua siandiki."